Nani Atakaa Nyuma?

Na Kapita Mkuu wa wanafunzi, darasa la sita



Kila siku ya kwanza ya juma, kabla ya bendera kupanda, sisi tulio kapita tunapita katika mistari na kuangalia kucha. Ni kazi tuliyopewa. Mwenye kucha nyeusi anatoka mbele, anaandikwa katika kaye, na saa tisa anakata majani. Sasa tuseme ukweli mbele ya wote: kwa miezi mingi kapita mwenye kuandika majina alikuwa na kucha nyeusi kuliko wale aliowaandika. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alituuliza kwa sauti ndogo, "Kapita, na wewe nani anakuandika?" Tulimnyamazisha. Usiku, katika kitanda, tuliona swali lake lilikuwa zuri. Basi leo tunajiandika wenyewe, hapa katika karatasi yetu.

Weusi ule ni wa mafuta ya moteri na moshi wa kuchomelea chuma. Nyuma ya nyumba ya mjomba, huko Baraka, chini ya mwembe, sisi watatu wa darasa la sita tulikuwa tunatengeneza piki ya zamani. Wote munajua habari ya ajali, na kila mtu ameisimulia jinsi anavyotaka. Wengine wamesema piki ilipasuka katikati. Wengine wamesema jirani alitupa dawa chini ya mwembe. Tunaandika kwa sababu tumekaa na kile chuma kilichovunjika mkononi, tumekiangalia, nacho kinasema habari ingine kabisa. Tena tunaandika kwa sababu ya tangazo lililobandikwa karibu na ofisi, linalosema kwamba mwanafunzi atakayeonekana katika garaji yoyote atasimamishwa siku 3. Tangazo hilo sisi ndio tunatakiwa kulisimamia. Tutalisimamia mpaka liondolewe, maana hiyo ndiyo kazi ya kapita. Lakini hatulikubali, na karatasi hii ndiyo mahali pa kusema hivyo kwa heshima.

Tuanze na piki yenyewe. Ni Yamaha AG 100. Vijana wa leo munaocheka sura yake, jueni kwamba ni piki iliyofanywa kwa watu wa shamba, na zamani misioni na waganga wa vijijini waliipenda sana. Moteri yake ni ya mapigo mawili, ile inayokunywa mafuta pamoja na esansi. Sheni yake imefunikwa yote katika sanduku la bati ili matope yasiingie. Mwenye piki ni muzee mmoja, muganga wa zamani, aliyekuwa anaitumia kwenda kuchanja watoto huko milimani. Vijiji vya Bibokoboko vilipochomwa moto mwaka 2021, na watu wengi kushuka kuelekea ziwa, yeye aliishusha kwa kuisukuma, moteri imekufa, godoro juu yake. Hakuna aliyejua kwa nini mtu anasukuma chuma kilichokufa wakati watu wanakimbia. Alipotupa ile piki alisema tu: "Mukiifufua, ibebe watu. Mukishindwa, muiuze kama chuma."

Sasa, kufufua piki ya namna ile si sawa na kutengeneza zile za wamotari wa leo. Katika maduka ya Baraka utapata piyese za TVS, za Boxer, na za zile zinazotoka China. Uliza piyese ya AG 100, mwenye duka atakuangalia kama umeuliza piyese ya ndege. Hapo njia ni mbili: kuacha, au kufanya piyese wewe mwenyewe. Wale wanaosema vijana wanachezea piki kwa ajili ya kiburi, waje waangalie. Kweli kuna wanaofunga taa saba na kukata egzosi ili ipige kelele mbele ya nyumba ya wasichana, hao hatuwatetei. Sisi tulifanya piyese kwa sababu piyese haikuwepo.

Na tulijifunza mengi kuliko tunavyoweza kueleza hapa. Kwa mfano joenti ya moteri, ile karatasi inayokaa kati ya vyuma viwili ili mafuta yasitoke. Hununui. Unachukua katoni ngumu, unailaza juu ya ukingo wa moteri, unagongagonga polepole na nyundo ndogo kwa kufuata ukingo, na katoni inajikata yenyewe kwa umbo lake hasa. Unaipaka grisi, unafunga. Yetu imekaa miezi mitano bila kuvuja hata tone. Waya wa ambriyaje tulitoa katika freni ya baiskeli, na kichwa chake tukakifanya kwa risasi iliyoyeyushwa katika kopo. Pompi ya mafuta ilikuwa imekufa kabisa, basi tulichanganya kwa mkono, lita 5 za esansi na desilita 2 za mafuta, yaani sehemu 1 kwa 25. Siku moja mwenzetu alisahau mafuta. Piki ilienda kama mita mia tatu hivi, ikalia, ikashika, ikanyamaza. Tulifungua, tukakuta pistoni imekwaruzika kama ukuta uliopanda paka. Tangu siku ile hakuna aliyesahau hesabu ya 1 kwa 25, na hakuna mwalimu aliyetupiga ili tuikumbuke.

Kuna piyese zilizotushinda. Pale mkono wa nyuma unaposhikana na kadiri kuna bushi ndogo. Tulizifanya kwa mti mgumu tuliouchemsha katika mafuta. Zilikufa katika juma la tatu. Mwishowe tulimwomba mtu anayesafiri azipeleke Uvira kwa fundi mwenye mashine ya kukereza chuma, na hizo ndizo ziko mpaka leo. Tena mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja maana bado anataka kuoa siku moja, alikata raba ya kandambili za pine akaibandika katika freni ya nyuma. Ilitoa moshi mwingi na harufu mbaya. Haikusimamisha hata kuku. Tulicheka siku mbili. Leo tunapofikiri juu yake hatucheki sana, maana mchezo wa freni ulikuwa dalili ya kwanza, na sisi hatukuisoma.

Dalili ya nini? Tusikilizane.

Kadiri ya AG 100 imefanywa kwa mtu mmoja na mzigo wake. Lakini hapa kwetu piki ya mtu mmoja ni hasara. Barabara ya kutoka Uvira kupita Baraka mpaka Fizi munaijua wakati wa mvua, na njia ya kupanda milima kuelekea Bibokoboko ni ya miguu na ng'ombe zaidi kuliko ya magurudumu. Piki inapanda mpaka pale inapokataa, halafu mtu anashuka anaendelea na miguu yake. Kinachopanda ni chumvi, sabuni, mawese na ndakala. Kinachoshuka ni maharagwe, viazi na maziwa. Pamoja na hivyo anapanda mama mwenye mtoto, na mgonjwa anashuka. Basi tulitoa portbagaji ya nyuma tukafanya ingine ndefu, yenye kiti juu na nafasi ya kasha nyuma. Tulitumia chuma cha betoni, kile cha wajenzi, tukakikunja kwa moto wa makaa. Jirani mwenye jenereta alituchomelea, nasi tukalipa kwa hesabu ya elektrodi. Tuliipaka rangi nyekundu. Kaka wa mmoja wetu, ambaye ni motari, aliichukua kazini kesho yake.

Hesabu ambayo hatukuifanya siku ile ni hii. Wanafunzi wa darasa la nne munaweza kuifanya sasa hivi katika kaye. Kati ya ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma tumepima sentimita 120. Kiti chetu kilimweka mtu sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma. Mtu huyo awe na kilo 60. Ni ile kanuni ya wenzo, ambayo mwalimu wa fizika anaiita levye: kilo 60 mara sentimita 60, ugawe kwa 120, unapata 30. Maana yake mtu wa kilo 60 anaondoa kilo 30 katika gurudumu la mbele, na gurudumu la nyuma linabeba kilo 90. Kwa hiyo wamotari walipotuambia kwamba gidoni ni nyepesi wakati wa kupanda, haikuwa piki kuwa na roho mbaya. Gurudumu la mbele lilikuwa karibu kuelea. Kanuni hii tulikuwa tumeijibu katika mtihani, tukapata 8 juu ya 10. Tulitoka katika darasa, tukapanda mwembeni kwa mjomba, na hatukuibeba pamoja nasi.

Siku ya ajali kaka alikuwa anashuka kutoka milimani na mama mmoja anayeuza maharagwe sokoni. Hakukimbia. Tunasema hivyo kwa sababu wengi wanamlaumu bure. Alipita katika shimo lisilo kubwa, mguu wa kushoto wa portbagaji ukakatika, kiti kikalala upande, na yule mama akaanguka katika mawe. Alivunjika mfupa wa bega. Mkono wake ulifungwa majuma sita, na yalikuwa majuma ya kuvuna maharagwe.

Tulikwenda kumtazama, sisi watatu, na mjomba mbele yetu. Tulipiga magoti. Hakutukana. Alituambia tukae, akauliza kuhusu masomo yetu, halafu akauliza: "Wanangu, kile kiti, mulikikalia ninyi wenyewe mbele ya kunikalisha mimi?"

Tulijibu ndiyo, mama. Na ni kweli tulikikalia. Chini ya mwembe, piki imesimama, tukicheka. Mjomba alituangalia, naye akajua, na yule mama pia alijua. Tulivuna shamba lake siku za posho tatu, vibaya kuliko alivyozoea, na deni la kituo cha afya tulilipa kwa kufyatua matofali wakati wa vakansi. Bega limepona, lakini anasema wakati wa mvua linamwambia habari.

Sasa kile chuma. Mahali kilipokatika si katika ule mshono wa kuchomelea, ni pembeni yake kabisa, upana wa kidole. Na uso wa mkato una rangi mbili. Nusu moja inang'aa kama sahani mpya. Hiyo ilikatika siku ile. Nusu ingine ina kutu. Kutu haiji kwa dakika moja, wandugu. Maana yake chuma kilikuwa kimepasuka nusu siku nyingi kabla, kikaendelea kubeba watu kwa ile nusu iliyobaki. Na hatukuona ufa kwa sababu tulikuwa tumeupaka rangi nyekundu.

Kwa nini kilipasuka? Tulimpelekea mwalimu wetu wa fizika, na fundi mmoja muzee wa Baraka, wote wawili wakatuuliza swali moja: "Mulikipozesha namna gani?" Tulikipozesha kwa maji. Jioni ilikuwa inakaribia, kaka alikuwa anangojea, tukamwaga maji ndoo nzima, chuma kikalia chii, tukafurahi. Chuma cha betoni mara nyingi kina kaboni ya kutosha kukifanya kiwe kigumu kikipozwa ghafula baada ya moto mkali. Ugumu huo si wa kupinda, ni wa kukatika, kama kioo. Ilitakiwa kukipasha moto kwanza, halafu kukifunika katika majivu kipoe polepole mpaka asubuhi. Usiku mmoja. Bega la mama yule lilivunjika kwa sababu watoto watatu walikataa kungoja usiku mmoja. Mwenye kutaka kuleta jirani na dawa yake, alete pia ndoo.

Tumekwisha kuungama. Sasa tuseme juu ya tangazo.

Tunafahamu kwa nini waalimu waliliandika. Mzazi hatumi mtoto shuleni arudi na jina la mwenye kuvunja watu. Lakini tangazo linadhani kwamba mwanafunzi akitoka katika garaji, piyese za kufanya kwa mkono nazo zinatoka barabarani. Tuhesabu. Tangu tangazo libandikwe, tumeona chini ya miembe ya Baraka portbagaji mpya za chuma cha betoni, ndefu kuliko yetu. Zimefanywa na vijana ambao hawajawahi kusikia neno levye. Nao si wabaya, wanatafuta chakula, na motari anayewalipa pia anatafuta chakula. Mkiondoa pale wale wachache wanaojua kugawa kwa 120, mumebakiza nani? Mwanafunzi mwenyewe naye haachi, anafanya usiku, kwa taa ya simu, haraka, na anapozesha kwa maji.

Tena kuna jambo linalotuchoma kidogo. Katika shule yetu mtu akiandika shairi baya, anasahihishwa. Akikosea hesabu, anasahihishwa. Akikosea chuma, anafukuzwa. Tunauliza tu.

Kuna wenzetu wanafunzi ambao nao tunawapinga, maana wanatusifu kwa sababu isiyo nzuri. Wanasema, "Kapita, musiogope, hata wazungu walianza hivyo." Na wanapenda kutaja ile habari ya Burt Munro. Basi tuiseme yote, isisemwe nusu. Munro alikuwa mtu wa Invercargill, huko New Zealand, aliyezaliwa mwaka 1899. Mwaka 1920 alinunua piki aina ya Indian Scout, ambayo haikufika hata kilomita 90 kwa saa. Aliibadilisha kwa mkono wake miaka zaidi ya arobaini. Pistoni alizimwaga mwenyewe katika makopo ya zamani. Vyuma vya kushika pistoni alivichonga kwa tupa kutoka katika ekseli ya trakta. Mwaka 1967, akiwa muzee wa miaka 68, aliipeleka Marekani, katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, na huko alipata rekodi ya kilomita zaidi ya 295 kwa saa. Ni habari ya kweli, nasi tunaipenda sana.

Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza, Munro alikuwa na rafu nyumbani, na juu ya rafu aliweka piyese zake zote zilizovunjika, miaka na miaka. Aliandika pale kwa utani kwamba ni sadaka kwa mungu wa mwendo. Utani huo katika shule ya kanisa hatuuigi. Rafu tunaiiga. Sisi cha kwetu kilipovunjika, wazo la kwanza lilikuwa kukitupa ziwani mtu asikione. La pili ndilo kubwa: katika piki ya Munro alipanda Munro. Alianguka mara nyingi, akajiumiza, na mfupa ulikuwa wake. Hapa kwetu hakuna piki ya namna hiyo. Hapa piki ni teksi, ni gari la wagonjwa, ni lori la maharagwe. Mwenye kuchomelea anabaki chini ya mwembe, na mtu mwingine ambaye hakuona moto wala ndoo anakuja kukaa nyuma. Wandugu munaotaja Munro, mutaje na jambo hilo.

Mfano ulio karibu zaidi ni chukudu ya Goma. Wengi munaijua: mti wa kalitusi, magurudumu mawili yaliyofungwa raba, inabeba magunia ya makaa na viazi ambayo piki nyingi haziwezi. Goma wameisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara. Hakuna kiwanda kilichoifanya, ni mikono ya watu wa Kivu. Lakini mwenye kuisukuma anasimama juu yake mwenyewe katika mteremko, na mti ukikataa ni yeye wa kwanza kujua. Ndiyo maana anauchagua vizuri.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mjenzi wa nyumba anaamriwa kuweka ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tulisoma mstari huo mara nyingi bila kufikiri kwamba portbagaji nayo ni dari. Na tunawaambia kwa upole wale waliotutia moyo kwa kusema "Mungu atalinda": kumwomba Mungu alinde ufa tulioupaka rangi sisi wenyewe, hiyo si imani.

Basi tunapendekeza nini? Posho asubuhi, garaji iwe hapa shuleni, nyuma ya ghala, badala ya kwa mjomba, na mwalimu wa fizika apite. Amekwisha kutuambia kwamba hakatai, mradi Bwana Prefe akubali. Kuna piyese ambazo mwanafunzi asiguse kabisa, apende asipende: freni, foku ya mbele, gidoni, ekseli, na mkono wa nyuma. Hizo zinunuliwe, au piki ilale. Joenti, vifuniko, mahali pa kuweka miguu, egzosi, kasha, hata mkono wa kupigia moteri, hizo tujifunze mpaka tuchoke. Zikivunjika piki inasimama tu, na mwenye piki anatutukana, basi. Portbagaji iko katikati. Sisi tunasema ifanywe, lakini isitoke nyuma ya ekseli zaidi ya ile ya zamani, na isikaliwe na mtu yeyote kabla ya kupimwa.

Kupima si mchezo wa kukaa na kucheka. Unafunga mifuko ya mchanga, uzito mara mbili ya ule utakaobebwa, inalala usiku mzima. Asubuhi motari anaizungusha katika barabara mbaya, mchanga ukiwa juu, saa mbili nzima. Halafu unaosha mishono yote, unapaka petroli ya taa, unangoja kidogo, unafuta vizuri, na unapaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, petroli iliyojificha ndani yake inatoka na kuchora mstari katika chaki. Chaki tunayo, ni shule. Tulijaribu njia hiyo juu ya kipande chetu kile, mguu wa kulia ambao haukukatika. Mstari ulitokea, mrefu kama kucha. Mguu wa kulia nao ulikuwa njiani. Na rangi ipakwe mwisho kabisa, baada ya chaki, au isipakwe.

Mambo ya kucha tunayaachia waalimu. Tungependa tu mwenye kucha nyeusi aulizwe kwanza alikuwa anafanya nini, kabla ya kupewa kupukupu.

Kipande kile hakikutupwa ziwani. Kiko katika kabati la fizika, juu, karibu na mizani, pande zote mbili za mkato zinaonekana. Mwenye kutaka kukiona aje wakati wa mapumziko, aombe ufunguo kwetu. Asikipanguse ile kutu.

Portbagaji mpya tayari imefanywa. Ni fupi, imelala katika majivu usiku mzima, haina rangi. Ni kazi ya mjomba mwenyewe. Sisi tulikaa mbali kwa sababu ya tangazo, tukimwelekeza kwa maneno tu, na kama hilo nalo ni kosa tuandikwe. Itapimwa posho ijayo kwa kilo 120 za mchanga. Yule mama tumemwalika aje kuangalia. Amesema atakuja, na amesema pia kwamba siku hiyo atarudi nyumbani kwa miguu.